Bibi anayevuta pindo la kanga: anza na mikono yake

Mdogo wangu wa Mikindani, umeuliza kama ujinyime uagize yule mwanasesere wa Uingereza kwa ajili ya bibi, ambaye kumbukumbu zimempotea na kutwa anafinya na kuvuta pindo la kanga yake. Pole sana kwa kuuguza.

Mwanasesere huyo, HUG, alitokana na utafiti wa Cathy Treadaway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff Metropolitan, Wales. Mikono na miguu yake ina uzito ili mgonjwa ahisi amekumbatiwa, kifuani moyo unadunda, na anapiga nyimbo azipendazo mgonjwa. Ni kazi nzuri mno, lakini usianze na kuagiza.

Kaa na bibi, mtazame vidole. Umesema zamani alisuka mikeka. Basi mpe miyaa iliyolainishwa kwa maji, asuke ukili atakavyo. Ukili ukienda upande, usimsahihishe. Kisha chukua kanga yake kuukuu, ile iliyolainika kwa kufuliwa, umshonee mfuko wa kuingiza mikono. Ndani weka kipande cha gunia, kitenge, na vifungo vikubwa. Vishonee mara mbili, uvivute kwa nguvu mwenyewe kabla hujampa, maana kikichomoka kitaishia mdomoni.

Nyimbo za ngoma za ujana wake ziweke kwenye redio ndogo ya memori kadi, sauti ya chini, kando yake. Zile betri ndogo za duara, bapa kama kidonge, usizishonee kwenye kitambaa kabisa: ikimezwa, inaunguza koo ndani ya saa chache.