Fajia haikuwa dini

Ndugu uliyeuliza kama Fajia ya Wachina wa kale ilikuwa dini kama ya Confucius, hapana, haikuwa dini kabisa. Ilikuwa namna ya kutawala, yani usingoje watu wawe wema, weka sheria wazi, thawabu na adhabu, basi.

Mtu wa kumcheki ni Shang Yang, waziri wa dola ya Qin karne ya 4 KK. Inasimuliwa kabla hajatangaza sheria zake alisimika gogo kwenye geti la kusini la soko akasema atakayelihamisha mpaka geti la kaskazini anapata dhahabu vipimo 10, watu wakashangaa hakuna aliyeligusa, akapandisha mpaka 50, mmoja akalibeba na akalipwa palepale! Alitaka waamini kwamba serikali ikisema imesema. Halafu mwana wa mfalme alipovunja sheria, walioadhibiwa ni walimu wake. Hapo ndo naona sheria yenyewe ilipochechemea, maana mrithi hakuguswa.

Na ilikuwa kali jamani. Mwaka 1975 huko Shuihudi, mkoa wa Hubei, walifukua kaburi la ofisa wa Qin likiwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,000, vingi vimeandikwa sheria, kuna moja inasema ng'ombe wa kulima akikonda kiuno, msimamizi anachapwa viboko 10 kwa kila inchi iliyopungua.

Shang Yang mwenyewe aliuawa 338 KK, mwana wa mfalme yule yule akiwa ameshika kiti.