Tchegera si ya 2002

Hapana ndugu, kisiwa cha Tchegera hakikutokana na lava ya 2002 kama unavyosema. Ile lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji wetu katikati, ikaingia ziwani hapa hapa Goma. Tchegera ni ya kale zaidi: ni ukingo wa kreta (shimo la volkano) iliyolipuka ndani ya Ziwa Kivu, ndiyo maana ukiitazama kwa juu imejipinda kama mwezi mchanga. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikikutana na maji, mvuke unafumuka ghafla na kusaga mwamba kuwa majivu, kisha yanarundikana na kushikamana. Angalia kingo zake kwa karibu: tabaka juu ya tabaka, si makoro, yaani mawe ya lava, meusi yenye matundu tunayojengea kuta. Mlima Goma, pale karibu na bandari, ni wa ukoo huohuo.