Intaneti ya simu ukiwa ng'ambo: tenganisha kazi za laini zako

Swali: Mwezi ujao nasafiri kwa wiki tatu. Naanzia Ufaransa, nipite Uswisi, nimalizie Uturuki. Safari iliyopita salio langu lote liliisha kabla sijafika hotelini, na nilikuwa nimejibu ujumbe mmoja tu wa WhatsApp. Safari hii nahitaji ramani, WhatsApp na zile meseji za uthibitisho kutoka benki. Nitumie romingi (yaani laini yangu ya nyumbani kupitia mitandao ya nchi nyingine), ninunue laini ya huko, au hizi eSIM zinazotangazwa kila mahali?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa salio lako, lakini halikuliwa na ujumbe ule mmoja. Simu za leo hutumia data hata zikiwa mfukoni. Zinapandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, zinasasisha programu, zinapakua video za makundi ya WhatsApp. Ukiwa nyumbani na bando huwezi kuona tofauti. Ukiwa ng'ambo kwenye romingi bila kifurushi, kila MB inatozwa peke yake, tena kwa bei kubwa, kwa sababu kampuni yenye mnara unaoutumia inaidai kampuni yako, na kampuni yako inakudai wewe.

Ushauri wangu ni kwamba laini yako ya nyumbani uiachie meseji za benki, na intaneti yote uipitishe kwenye laini ya pili.

Romingi ina tabia nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa kawaida data yako haitoki mnarani Paris ikaenda moja kwa moja kwenye tovuti unayoitaka. Husafirishwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyotoa laini, ndipo iingie kwenye intaneti, na majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana ukurasa huweza kuchelewa kufunguka hata mnara ukiwa karibu, na tovuti nyingine zikadhani hujaondoka kwenu. Mzunguko huo huo ndio unaofanya laini ya kigeni iliyo kwenye romingi huko China bara iweze kufungua WhatsApp, wakati laini iliyonunuliwa pale pale haifungui.

Sasa tuiweke sawa laini ya nyumbani. Kabla ya kuondoka, uliza kampuni yako kama romingi imewashwa kwa upande wao, kwa sababu bila hiyo hata meseji hazitakufikia, na kuiomba ukiwa tayari nje ni usumbufu. Uliza pia kama kupokea meseji ni bure. Mara nyingi ni bure, lakini hakikisha. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uzime romingi ya data kwa laini hiyo. Kuzima romingi ya data hakuzuii meseji za kawaida, kwa hiyo namba za uthibitisho za benki zitaingia. Ila simu za kuongea ziangalie: ukiwa romingi, mara nyingi unayepokea nawe unatozwa. Waambie watu wako wakupigie WhatsApp.

Kuna kitufe kimoja kinachowaponza hata watu makini. Simu nyingi za laini mbili zinaweza kuhamia zenyewe kwenye data ya laini nyingine pale mtandao wa laini ya kwanza unapokuwa dhaifu. Kizime. La sivyo, romingi ya laini ya nyumbani ikiwashwa hata kwa bahati mbaya, utarudi kule kule.

Kwa laini ya pili, kwa safari kama yako ningechagua eSIM inayojumuisha nchi zote tatu. Hii ni laini isiyo na kadi: chipu yake imo ndani ya simu tangu kiwandani, wewe unapakua taarifa za laini kwa kupiga picha msimbo wa QR au kupitia programu ya muuzaji. Kujua kama simu yako inaikubali, piga *#06#. Ukiona namba ndefu ya tarakimu 32 yenye jina EID, inaikubali. Usiamini jina la modeli peke yake. iPhone nyingi zilizouzwa China bara hazina eSIM, na zile zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la kadi, kwa hiyo mwenye simu hiyo hawezi kutumia laini ya kadi hata akipewa bure. Hakikisha pia simu haijafungwa kwa mtandao mmoja. Iliyofungwa itaikataa laini ya kampuni nyingine, iwe kadi au eSIM.

Pakua eSIM ukiwa bado nyumbani kwenye Wi-Fi tulivu. Soma masharti ujue siku zinaanza kuhesabiwa lini, kwani nyingine huanza pale unapoipakua, nyingine pale inaposhika mtandao wa kwanza. Usiifute ukidhani utairudisha baadaye, maana misimbo mingi ya QR hutumika mara moja tu. Na hapa ndipo watu wanapokwama uwanja wa ndege: eSIM za watalii mara nyingi ni laini za nchi nyingine kabisa, nazo zenyewe ziko kwenye romingi. Kwa hiyo kwenye laini hiyo romingi ya data lazima *iwashwe*, kinyume na laini ya nyumbani.

Nyingi ya eSIM hizi ni za data tu, hazina namba ya simu. WhatsApp itaendelea na namba yako ya zamani. Ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa.

Kadi ya pale pale bado ina faida, hasa ukikaa muda mrefu au ukihitaji namba ya kupigiwa. Beba pasipoti, nunua kwenye duka la kampuni yenyewe, na usiondoke kaunta kabla haijafungua ukurasa. Ukinunua kadi Ufaransa, kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Juni 15, 2017 zinakuruhusu kuitumia nchi zote za Umoja, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, bila tozo ya ziada ndani ya viwango vya matumizi ya kawaida. Uswisi haimo kwenye kanuni hizo. Itafute kwa jina kwenye kifurushi chako, iwe kadi au eSIM, kwa maana hata neno "Ulaya" lililoandikwa juu ya tangazo halikuhakikishii kuwa Uswisi imo. Ukiwa Geneva, ambayo karibu pande zote imepakana na Ufaransa, simu inaweza kurukaruka kati ya minara ya nchi hizo mbili. Chagua mtandao kwa mkono.

Uturuki ina mambo yake. Mwaka 2025 ilifunga tovuti na programu za kampuni kadhaa za kigeni zinazouza eSIM, kwa hiyo iwe imeshapakuliwa kabla hujaingia. Ukiamua kununua kadi ya huko, simu ya kigeni isiyosajiliwa huruhusiwa siku 120 kabla ya kufungiwa. Wiki zako chache hazina tatizo.

Ramani na meseji hazili data nyingi. Video ndizo zinazomaliza: saa moja ya HD inaweza kufika GB 3. Pakua ramani za miji yako mapema, zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kwenye WhatsApp, na uruhusu hifadhi ya picha ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu. Vifurushi "visivyo na kikomo" vingi hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani cha siku, kiwango ambacho huandikwa kwa herufi ndogo chini.

Ukitua na intaneti isije, fuata mpangilio huu: hakikisha data imeelekezwa kwenye laini mpya, romingi yake imewashwa, kisha washa na kuzima hali ya ndege. Bado? Chagua mtandao mwingine kwa mkono, halafu linganisha APN (jina la njia ya intaneti lililo kwenye mipangilio ya simu) na ile aliyokutumia muuzaji. Maelekezo hayo yapige picha ya skrini kabla ya safari, kwa sababu barua pepe yake hutaweza kuifungua bila intaneti.