Fangasi wa kula minyoo: nimepigwa au nimekosea mwenyewe?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mi nalima nyanya Ilula, Iringa. Tangu zianze kutoa maua zinalala mchana jua likiwa kali, jioni zinaamka, nikadhani maji hayatoshi nikaongeza, wapi. Nikang'oa mche mmoja nikakuta mizizi imevimbavimba kama tangawizi. Jamaa wa duka la pembejeo akaniuzia pakiti ya unga, anasema ni fangasi rafiki anakula minyoo. Nikaona nimalize kazi mara moja, nikachanganya na mankozebu kwenye bomba nikapiga saa saba mchana. Wiki ya 2 sasa sioni kitu. Nimepigwa?

JIBU: Marahaba. Pakiti huenda ilikuwa nzima kabisa, ila mfanyakazi umemuajiri asubuhi na mchana umemuua mwenyewe. Mankozebu ni dawa ya kuua fangasi, sasa na huyo uliyemnunua naye si fangasi jamani? Afu umempigia majani saa saba, wakati minyoo wako chini kwenye mizizi na jua la saa hizo linamkausha kabla hajagusa udongo.

Ulichoona ni minyoo fundo. Mtoto wake mdogo hata kwa macho humuoni, anaingia kwenye ncha ya mzizi, anatulia hapo anakula, mzizi unavimba na maji hayapandi vizuri, ndo maana mmea unalala mchana hata ukimwagilia. Jike anataga mayai mamia kwenye kifuko cha ute, na udongo ukiwa na joto kizazi kizima kinaisha kama mwezi hivi, kwahiyo nyanya ya miezi mitatu inaweza kulea vizazi vitatu.

Sasa huyo fangasi, soma pakiti uone kama imeandikwa Purpureocillium lilacinum, shabaha yake kubwa ni mayai. Nyuzi zake zinatoboa ganda zinakula kilichomo. Mnyoo ambaye keshazama ndani ya mzizi hamfikii kirahisi, na vinundu vilivyopo havirudi kuwa mizizi, kwahiyo msimu huu kwa kweli usitegemee muujiza, weka mboji, mwagilia kidogokidogo ila mara nyingi, vuna utakachopata.

Msimu ujao anza mapema. Kitalu kiwe kwenye udongo safi, manake wengi tunanunua minyoo pamoja na miche. Fangasi aingie shambani kama wiki 2 kabla ya kuhamisha, miche nayo imwagiliwe siku chache kabla ya kutoka kitaluni, kisha urudie kila baada ya wiki 4 mpaka 6 kwa kipimo cha kwenye lebo. Mwagilia chini kwenye shina, jioni, udongo ukiwa na unyevu. Samadi iliyoiva inamsaidia. Na bomba uliloweka mankozebu lioshe haswa. Angalia pia tarehe ya kuisha na namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, manake pakiti iliyokaa dirishani juani miezi sita imebaki unga tu.

Kingine, usiamini sana kupumzisha shamba kwa mahindi. Mahindi mengi yanawalea hawa minyoo kimyakimya, vinundu huvioni vizuri lakini wapo. Karanga ni afadhali. Mbegu ya nyanya yenye herufi N kwenye pakiti inahimili minyoo fundo, ila udongo ukipita nyuzijoto 28 hivi, kinga hiyo inalegea.

SWALI: Mimi niko Mwea, Kirinyaga. Maharagwe yangu yako na vinundu kwa mizizi, jirani ananiambia ni minyoo nimwage dawa. Nimwage?

JIBU: Ngoja kwanza! Sugua kinundu kwa kidole. Kikitoka kirahisi, ukikipasua ndani ni chekundu au waridi, hao ni bakteria wanaoitengenezea maharagwe naitrojeni, ukiwamwagia dawa umejiibia mbolea. Kama uvimbe ni mzizi wenyewe, hautoki mpaka mzizi ukatike, basi jirani yuko sawa. Mara nyingine utapata vyote kwa mmea mmoja, hapo ndo watu huchanganyikiwa.

SWALI: Kibanja changu Bukoba migomba inang'oka na mikungu yake upepo ukipita tu. Nitumie fangasi huyohuyo?

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Mgomba ukianguka na mizizi yake, ipasue uangalie: ukikuta michirizi ya rangi nyekundu nyeusi, ni minyoo wa aina nyingine, hawa wanachimba wakipita ndani ya mzizi, hawatengenezi fundo. Uganda watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walijaribu kuweka kwenye miche ya maabara fuzari, aina nyingine ya fangasi, wasio na madhara wakae ndani ya mgomba waulinde, na ni ndugu kabisa na yule fuzari wa mnyauko, ukoo una mwizi na mlinzi. Ila kwako cha kuanzia ni sufuria. Menya chipukizi mizizi yote na ngozi mpaka paonekane peupe, lidumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde 30, kisha panda sehemu ambayo haikuwa na migomba. Likikaa dakika nzima limeiva, mpelekee mbuzi.