Tiba ya jeni haimzuii mgonjwa wa selimundu kurithisha

Je, mgonjwa wa selimundu akitibiwa kwa Casgevy (tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023), hatarithisha tena ugonjwa? Hapana, bado atawapa watoto wake jeni ya selimundu. Zinazohaririwa ni seli shina za uboho tu, zile zinazotengeneza damu: hutolewa mwilini, hukatwa jeni mahali pamoja, kisha hurudishwa kwa dripu. Mayai na mbegu za kiume haziguswi. Na hata kwenye uboho, ile kasoro yenyewe haisahihishwi. Mkato hupiga swichi ya BCL11A, jeni inayozima hemoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni, ili itengenezwe tena kwa wingi. Ndiyo maana kipimo cha damu huendelea kuonyesha hemoglobini S (ile ya selimundu) kando ya F hata maumivu yakishakoma.

Tuseme mgonjwa ni SS, yaani ana jeni mbili za selimundu: mwenzake akiwa AA (hana jeni hiyo), watoto wote watakuwa AS (wabebaji wa jeni moja). Mwenzake akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa SS. Kwa hiyo mwenzi apimwe, na ukifika maabara hapa Nairobi uliza jina la kipimo: unataka elektroforesisi ya hemoglobini au HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za hemoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia seli zikijikunja hakitofautishi AS na SS, wala hakioni hemoglobini C, aina nyingine yenye kasoro. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 iliyopita aseme, la sivyo majibu yatapotosha.

Muhimu mno: busulfan, dawa ya kufuta uboho wa zamani, inaweza kuharibu uzazi. Mbegu au mayai yahifadhiwe kabla ya dozi ya kwanza.