Mafini hazipigwi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini mafini, zile keki ndogo za kikombe, za nyumbani hutoka nzito na kavu, tofauti na za dukani. Mimi nilizila hivyo mwaka mzima hapa South B, Nairobi, nikiilaumu oveni ya watu bure.

Nimekulia Mombasa. Mama alinifunza kwini keki: siagi na sukari zinapigwa mpaka ziwe nyeupe, mayai moja moja, kisha unga. Mkono ukichoka unabadilisha. Basi mafini nazo nikazipiga vivyo hivyo, na hapo ndipo nilipoharibu. Wepesi wa kwini keki unatokana na upepo ulionaswa kwenye ile siagi. Mafini zangu ni za mafuta ya maji, hakuna cha kunasa upepo. Unga ukishalowa nawe ukazidi kukoroga, gluteni, ule mnato wa unga wa ngano, inavutika kama donge la chapati linavyovutika likikandwa. Kwenye chapati ni neema hiyo. Kata mafini iliyopigwa sana uitazame ndani: utaona vijia virefu vinavyopanda juu, mithili ya njia za mchwa.

Siku hizi bakuli moja ni la vikavu: unga gramu 250, sukari gramu 100, chumvi chembe, na beking pauda. La pili ni la mayai 2, maziwa mililita 200 na mafuta mililita 80. Namimina haya ya pili katikati ya unga, kisha kwa mwiko nakunja kutoka chini kuja juu, mara kumi, kumi na mbili hivi. Unga mkavu ukipotea machoni, naweka mwiko chini. Rojo linabaki na mabonge, na ukiinua mwiko linaanguka kwa kipande, pwata, halitiririki. Binti yangu alipoliona mara ya kwanza aliuliza, "Mama, mbona hujamaliza?" Nimemaliza. Vibonge hivyo hupotea motoni.

Halafu kuna huu mji wenyewe. Kule Mombasa vijiko vitatu vya chai vya beking pauda vilinipa kofia nzuri. Nairobi, kipimo kile kile, zilifura upesi zikabonyea katikati kama kiti kilichokaliwa. Tuko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hewa haitugandamizi sana, kwa hiyo gesi hutanuka kabla unga haujashika. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, unyevu ukakimbia mapema. Kwa hiyo natia vijiko viwili tu, nikivisawazisha kwa kisu, naongeza vijiko viwili vya kulia vya maziwa, na oveni naiwasha mapema ifike nyuzi 200 kabla trei haijaingia. Kama pauda yako imekaa kabatini tangu Krismasi, dondosha nusu kijiko kwenye maji ya moto. Isipochemka povu, tupa.

Mwenye mala, yaani maziwa yaliyochacha, nyumbani asinunue maziwa mengine. Anaweka mala badala ya maziwa, robo kijiko cha chai cha magadi soda na kijiko kimoja tu cha beking pauda. Uchachu na magadi vikikutana gesi inatoka papo hapo, kwa hivyo trei iingie mara moja. Simu itangoja.

Asiye na oveni atatumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Nimejaribu kwa vikombe vya bati. Juu hubadilika rangi upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini ndani zilikuwa laini, na hakuna iliyofika jioni.