Kindi kupungua msituni: angalia koni kwanza

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini kindi walijaa mwaka jana kwenye msitu wa misprusi (miti ya nchi za baridi yenye majani kama sindano) na mwaka huu hawaonekani, ilhali hakuna mti uliokatwa.

Mimi kabla ya kufikiria ugonjwa au wanyama wawindao, huangalia koni, yaani vitunda vigumu vya magamba vinavyobeba mbegu za miti hiyo. Inua macho hadi vileleni, kisha tazama chini: koni iliyoliwa na kindi hubaki kigogo chembamba chenye magamba machache nchani, na magamba mengine yamerundikana chini ya mti. Ukikuta rundo ni la zamani tu na juu hakuna koni mpya, jibu umeshalipata. Misprusi huzaa kwa pamoja mwaka mmoja, halafu uhaba wa mbegu, ambazo ndizo chakula cha kindi, hufuata, wakati mwingine miaka kadhaa.

La kustaajabisha zaidi ni Yukon, Kanada, ambako kindi wekundu wanafuatiliwa tangu 1987. Majike huzaa watoto wengi zaidi kabla mbegu hazijakomaa, kana kwamba wameshajua neema inakuja! Basi wingi uliouona ulikuwa wa msimu wa neema. Usiwahesabu kwa mwaka mmoja. Andika hali ya koni kila vuli kando ya idadi yao.